Nyumbani Wanajua?

Hapana, Mutheu, simu haijamaliza kazi ya redio. Ulisema hivyo jana nje ya kanisa mbele ya wenzako, na mimi nikanyamaza kwa sababu mama yako alikuwa karibu na sikutaka tuonekane tunabishana na bado tumeshika Biblia. Lakini sasa nimekaa hapa kwa nyanya yangu, susu, nje ya jikoni, jua bado halijashuka, na nataka nikujibu vizuri. Wewe, na wale wasichana wawili mnaotaka kuja kujaribu kazi pale steshoni, na wengine wote mnaotoka Form Four mkidhani redio ni kitu ya wazee kuweka kwa mfuko wa koti wakienda kuchunga.

Ulisema mbuzi ikipotea siku hizi mtu anapiga picha, anatuma kwa group, kwisha. Sawa. Sasa sikia ya Kilungu, mahali nimekuwa tangu redio yetu izime, nikimsaidia Aunty Ndinda kupanga parachichi kwa kreti. Kule mtu aliokota ndama njiani. Akampiga picha safi kabisa, mbele, nyuma na ubavuni, akatuma. Kufika jioni ndama alikuwa na wenyewe watatu. Kila mmoja alijua ile doa ya kwa uso, kila mmoja alijua kamba ya bluu, kila mmoja alijua sikio lilichanika wapi. Wangekosaje kujua na picha iko kwa simu ya kila mtu? Nikitoka huko juzi ndama alikuwa bado kwa chifu, amenona, na wale watatu hawasalimiani.

Kwa redio yetu hiyo haingetokea. Si kwa sababu sisi tulikuwa wajanja. Ni kwa sababu ya Mama Kavata.

Wewe unamjua Mama Kavata hata kama unasema humjui. Ni ile sauti ilikuwa inakuamsha uende shule. Sauti nzito, ya kutembea pole pole, kama ya mtu ambaye ameamka zamani na ameshamaliza kukasirika. Yeye ndiye alikuwa anasoma matangazo ya asubuhi, ya mifugo iliyopotea, ya harambee, ya mazishi, ya mtoto aliyeondoka nyumbani amevaa sweta ya kijani. Alisoma kwa Kikamba, halafu akarudia kwa Kiswahili ili wenye maduka waliotoka Pwani na madereva wanaopita wasikie pia. Mimi nilikaa kando yake tangu nilipomaliza shule mpaka siku redio ilizima. Nyumbani wananiita mstaafu. Nina miaka ishirini na nane, na mjomba anapenda kuambia wageni kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza Kitui kustaafu kabla ya kuolewa. Wacheke tu. Kazi niliifanya.

Siku yangu ya kwanza kusoma, nilisoma kama mtu anafukuzwa na nyuki. Nilidhani kusoma haraka ndiyo kujua kusoma. Mama Kavata akaweka mkono wake juu ya karatasi, akafunika maneno yote, maiki ikiwa imezimwa, akaniuliza, "Unakimbilia wapi, mwiitu wakwa, binti yangu? Hiyo mbuzi imeshapotea."

Halafu akanifundisha. Kila tangazo linasomwa mara mbili, na kati ya hizo mara mbili unanyamaza kidogo. Mara ya kwanza ni ya kuwaita. Mtu anasikia jina la kijiji chake, anaacha sufuria, anatoka nje kuita wengine, njooni mskize, ni ya kwetu hii. Hapo ndipo unanyamaza. Unangoja watoke kwa shamba, wafike karibu na dirisha. Mara ya pili ndiyo ya kuwaambia. Mtu akisoma mara moja tu amewaita watu na akawafungia mlango. Nyinyi mmezoea kitu ukikosa unarudisha nyuma unasikia tena. Redio hairudi nyuma. Msomaji ndiye anarudi.

Ya pili ni ya mifugo. Mtu akileta tangazo la mbuzi, iliyopotea au iliyookotwa, unamuuliza alama zote, unaandika zote, lakini moja husomi. Unaificha. Sikio unasoma, rangi unasoma, kengele unasoma, na ile moja inabaki kwako. Sasa kuna mwanamume alikuja siku moja, amevaa vizuri hata kofia, akasema ile mbuzi iliyookotwa na kutangazwa jana ni yake. Mama Kavata akamwambia aitaje. Akataja vizuri sana, rangi, sikio la kushoto, kengele ya kopo, yote vile tulivyosoma, nusura aweke na ile sauti ya Mama Kavata. Akaulizwa, na nini ingine? Akafikiria. Akasema iko na pembe.

"Hata shetani iko na pembe," Mama Kavata akamwambia.

Yule mwanamume akasema mbuzi wake anamjua, aletwe tu wakutane. Mama Kavata akamwambia sawa, tutamleta, na akikuita jina uende naye. Hatukumwona tena. Mwenyewe alikuja baadaye, mama mmoja mdogo wa mwili kutoka upande wa Kanziku, na kabla aketi akasema kwato ya nyuma imepinda ndani kama mtu anayeona haya. Ndiyo hiyo alama tulikuwa tumeficha.

Mnadhani steshoni ilikuwa kama zile mnaona kwa video, vioo na taa. Yetu ilikuwa chumba cha nyuma kwa hardware ya Mzee Nzioka. Yeye ndiye mwenye redio, na hardware ndiyo ililisha redio, maana matangazo ya biashara hapa ni machache na wenye kulipa wanakumbuka kulipa wakitaka. Ili sauti isigongegonge, ukuta wa ndani tulipanga mifuko ya simiti mpaka juu. Ilifanya kazi vizuri. Shida ni kwamba hiyo ilikuwa simiti ya kuuza. Watu wakianza kujenga baada ya kuvuna, mifuko inatoka, inatoka, na sisi tunaanza kusikika kama tuko ndani ya tangi. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama tumehamia choo. Wengine walijua bila kuambiwa. Wakisikia mwangwi wanasema, Nzioka ameuza.

Wenye hawana pesa ya kulipia salamu hewani walileta ndengu. Mmoja alileta kuku, tukamweka chini ya meza akingoja Mzee Nzioka, na akataga hapo katikati ya maombi ya asubuhi na akatangaza mwenyewe. Pasta alikuwa mtu mzuri, alisema amina, akaendelea.

Na kulikuwa na Kimanzi. Kimanzi ni yule wa posho mill iko nyuma ya hardware. Stima yake na yetu ilitoka kwa mti mmoja, na akiwasha mashine, sisi tunaenda chini. Taa inakuwa ya rangi ya chai na sauti ya Mama Kavata inazama kama mtu ameshikwa na usingizi. Walizozana sana, nimeambiwa, kabla sijafika. Mwishowe wakapatana kwamba Kimanzi hatawasha mpaka matangazo ya asubuhi yaishe. Basi wamama walifika mapema na mahindi yao, wakakaa kwa ile benchi yake na mawe ya kando, redio ya Kimanzi ikiwa imetundikwa kwa msumari mlangoni, na wote wakaskiza. Tangazo la mwisho likiisha, mashine inaanza, na ukiwa hewani unaisikia kwa mbali inangurumia ndani ya maiki. Watu wa Ikutha huko walikuwa wanajua saa kwa ngurumo ya mashine ya Kimanzi ambayo hawajawahi kuiona.

Sasa nawaambia ile ya tatu, na hii ndiyo inanifanya niandike leo badala ya kulala mapema.

Nilikuwa bado mgeni kwa kazi. Kijana mmoja alikuja asubuhi na pikipiki, vumbi mpaka kwa kope, akasema mjomba wake amefariki hospitali, kule mbali, na familia imemtuma alete tangazo. Alikuwa na kila kitu, jina, kijiji, watoto, siku ya mkutano wa mazishi. Mama Kavata alimpa pole na akamuuliza kama watu wamejua. Akasema ndiyo, wote. Mama Kavata akaingia, akasoma. Mara ya kwanza. Akanyamaza vile hunyamaza.

Mke wa yule mzee alikuwa kwa Kimanzi, amekaa kwa benchi na debe lake la mahindi. Jina la kijiji liliposomwa, yeye ndiye aliwanyamazisha wengine. Aliwaambia, shh, ni kwetu, ngojeni nisikie.

Hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Tulisikia sauti yake kupitia kwa ukuta, kupitia simiti yote. Mama Kavata alikuwa ameanza mara ya pili. Alitoa vile vitu vya masikio akaviweka mezani, akatoka, na mimi nikabaki na maiki imewashwa na hakuna anayeongea, na sikujua nifanye nini ila kuweka wimbo. Yule kijana hakuwa mwongo. Alikuwa amepigia simu ndugu mmoja, na huyo ndugu akasema atapeleka habari, na alikuwa bado njiani anapeleka. Redio ilifika mbele yake.

Mama Kavata hakusema ni makosa ya kijana. Alienda na yule mama mpaka kwake, kwa miguu, debe la mahindi akiwa amelibeba yeye. Alikaa huko matanga yote, akipika, akiosha masufuria, na asubuhi Mzee Nzioka alikuwa akisoma matangazo mwenyewe, vibaya sana, akiruka majina ya vijiji.

Aliporudi, kukawa na swali. Mtu yeyote akileta jina la mtu, liwe la kifo au la ajali, kabla hajapewa kiti anaulizwa, "Nyumbani wanajua?" Akisema ndiyo, anaulizwa nani aliwaambia. Akitaja, anaulizwa kama walikuwa wamekaa chini wakiambiwa. Kuna jamaa mmoja alikasirika akasema yeye ametuma message, na imeonyesha imesomwa. Mama Kavata akamwambia, "Message si mtu. Rudi, uende, halafu uje." Akaenda na akarudi kesho yake, na akasema asante.

Hiyo ndiyo group haina, Mutheu. Hakuna mtu kwa mlango wa group anayeuliza.

Halafu radi ikapiga mlingoti wetu kule juu kwa kilima. Transmita ikachomeka mpaka harufu ikakaa kwa chumba siku nyingi. Mzee Nzioka alisema itatengenezwa, na sisi tukaja kazini tukakaa, tukaja tukakaa, tukaanza kuuza misumari. Mwisho nikaenda Kilungu. Na katika hicho kimya ndipo koo la Mama Kavata likaanza. Kwanza ilikuwa kama homa, baadaye ikawa kitu ya kupasuliwa. Walimpasua, akapona, yuko vizuri, anakula, anatembea kwenda kanisa. Lakini sauti haikurudi. Imebaki pumzi tu, kama mtu anakunong'onezea kitu kwenye mazishi.

Kule Kilungu ni kuzuri. Kuna maji, kuna matunda, milima ni ya kijani hata wakati sisi huku tunaangalia mawingu yakipita. Lakini alfajiri ni kimya. Aunty huweka steshoni ya Nairobi, vijana wawili wanacheka tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuna kijiji wanakitaja. Nilikuwa naamka kabla yao, nalala hapo nikingoja ile sauti, halafu nakumbuka. Sijui kama mtu anaweza kukosa sauti vile anaweza kukosa chakula cha kwao. Mimi niliikosa hivyo. Nilikuwa nikipanga parachichi nasoma matangazo kwa moyo, ng'ombe wa nani, sikio gani, na nikimaliza la kwanza nanyamaza kidogo kabla nirudie. Aunty aliniuliza kama naomba.

Wiki iliyopita Mzee Nzioka akanipigia simu. Fundi amemaliza, akasema. Transmita inafanya. Jumanne asubuhi tunarudi hewani.

Nilikaa juu ya kreti.

"Matangazo ya asubuhi ni yako," akasema. "Hicho kiti ni chako sasa."

Nikamuuliza, "Mama Kavata anajua?"

"Atasikia," akasema. "Si redio iko kwake."

Halafu kukatokea mteja wa mabati, na Mzee Nzioka akakata simu.

Alichosema nilikisikia kwa masikio tu. Nilikuwa na furaha nyingi sana. Nilimkumbatia Aunty, nikampigia mama yako, nikapanga nguo. Ni kwa barabara, tumepita Kitui, gari limetulia watu wamelala, ndipo yale maneno yaliniingia. Atasikia. Yaani Mama Kavata akae kwa kiti chake asubuhi ya Jumanne, aweke redio, angoje, na asikie mtu mwingine anasoma. Kama yule mama wa kwa benchi.

Msidhani Mzee Nzioka ni mtu mbaya. Ni mtu wa kubeba mbao kumi kwa bega na kushindwa kubeba neno moja mpaka kwa nyumba ya mtu. Amemwogopa Mama Kavata tangu siku alimwambia asiseme "eee" kila sentensi.

Nimefika Jumamosi. Soko lote linajua redio inarudi. Mama Kavata pia anajua. Mama Mwikali wa kanisani aliniambia jana, baada ya ibada, kwamba Mama Kavata anakunywa maji ya moto na tangawizi kutwa, na kwamba amewanong'onezea wamama wa kikundi kuwa atasoma pole pole, sentensi mbili mbili, kisha apumzike. Aliniambia pia kwamba hajawahi kuizima redio yake. Miezi hii yote, kila alfajiri, inawashwa pale pale kwa masafa yetu, inatoa tu ile shhh, na yeye anakaa nayo mpaka jua litoke.

Jana alikuwa amekaa kwa benchi za mbele. Mimi nilikaa nyuma, na nilitoka haraka. Ndio maana ulinipata nje peke yangu, Mutheu, na ukaanza maneno yako ya WhatsApp.

Leo asubuhi nilienda kwa posho mill na mahindi ya susu. Sikutaka kupita njia ya kwa Mama Kavata kwa hivyo nilizunguka na kule kwa kinyozi. Nikakuta wamama kwa benchi, wamekaa, debe kwa magoti. Kimanzi amesimama mlangoni na mikono nyuma. Redio iko kwa msumari lakini imezimwa. Nikamuuliza kama stima imepotea.

"Iko," akasema.

"Sasa mbona hausagi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini anavaa suruali. "Bado wakati," akasema.

Wakati wa nini, sikumuuliza. Nilikaa na wale wamama. Baadaye Kimanzi akaangalia kivuli cha paa vile kimefika kwa ngazi, akaingia, akawasha. Miezi hii yote, Mutheu. Hakuna tangazo, hakuna sauti ya kuzama, na huyu mtu bado anaingoja.

Ninakitaka hicho kiti. Nisiwadanganye. Nimesoma matangazo kwa parachichi mpaka nimechoka, nataka kuyasoma kwa watu. Nikikaa hapa na kufikiria ile taa nyekundu ya maiki ikiwaka, mikono inaniwasha. Na mimi si mtu wa kungoja, mnanijua. Leo mara mbili nimesimama niende kwa steshoni nikae tu pale ndani na ile harufu ya simiti. Mara mbili nimerudi kukaa.

Kwa sababu nikifika hapo mlangoni kuna swali, hata kama aliyekuwa analiuliza hayuko. Nyumbani wanajua? Nani aliwaambia? Walikuwa wamekaa?

Nyinyi mnaotaka kuja kufanya hii kazi, maiki mtafundishwa kwa asubuhi moja. Mitambo ya steshoni hata wewe utaijua kuliko mimi. Lakini mkija, mtaulizwa hayo maswali na mtauliza wengine, na siku moja jina litakuwa la mtu wenu na bado mtauliza. Kama hiyo ni ngumu, group ya WhatsApp iko, na haina mlango.

Susu ananiita nikoroge ugali kwa hivyo namaliza.

Kesho ndiyo Jumanne, na asubuhi sitapita kwa Mzee Nzioka kwanza. Nitatoka kungali na umande, nichukue ile njia ya kisima ambayo nimeikwepa tangu Jumamosi, nifike kwa Mama Kavata kabla hajawasha redio, nibishe hodi. Nitangoja aketi. Nitamwambia ni mimi nimepewa kiti, nitanyamaza kidogo vile alinifundisha, halafu nitamwambia tena. Akisema niende, nitaenda. Akitaka kwenda mwenyewe, na hizo sentensi zake mbili mbili, nitamshika mkono twende naye, asome la kwanza na mimi nisome la pili. Na akitaka tu kukaa bila kusema kitu, nitakaa naye. Mzee Nzioka apige simu mpaka achoke. Matangazo yatachelewa, na wamama watakaa na madebe yao, na mashine haitawashwa. Kimanzi amezoea.